Unga wa Yungiyungi Kwenye Kanzu ya Fundi

Kwa mwanangu Zuhura binti Salumu. Hilo "binti Salumu" nimelikoleza wino makusudi, ili mtu yeyote huko Kilwa Kivinje akiikunjua barua isiyomhusu, aanze kwa kumjua mwenyewe.

Baada ya salamu, watu huandika kwamba hali zao ni njema. Yangu si njema, na sioni kwa nini nikudanganye mapema hivi wakati karatasi bado ndefu. Nimejifungia chumbani. Mjomba wako Bakari amelala barazani, anakoroma kama mtu anayepasua mbao, na wewe unazunguka mtaa wetu wa Mtanda kuaga. Najua utachelewa. Kwa Bi Mtumwa utalishwa, kwa Bi Rukia utalishwa na kulizwa. Alasiri yote hii ni yangu, na kesho asubuhi chombo kinaondoka nawe.

Sikuandikii habari za kusali, kuosha vyombo na kuamkia wakubwa. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikufunza hayo mpaka ukawa unawaamkia hata mbuzi. Wala sikuandikii namna ya kumwagilia yungiyungi. Wewe hutia kidole udongoni ukajua ua lina kiu au linadeka tu, na mimi niliyekufundisha bado nabahatisha. Ndiyo, nimesema. Mstari huu usimwonyeshe mtu.

Nakuandikia kwa sababu ya swali lako la jana. Ulikuwa umeshika yale magauni mawili aliyokuletea mjomba, yaliyoshonwa na mume wa mama yako, Fundi Seif. Ukaniuliza, "Baba, yule nitamwitaje?"

"Mwite Sindano," nikakujibu.

Ukacheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka mzaha wa kadhi. Halafu ukaniangalia, ukangoja. Mimi nikakumbuka kwamba nina kuni za kupasua. Zuhura, kuni zilikuwa zimepasuliwa tangu juzi.

Na hayo magauni! Mtu hajakuona tangu ukiwa wa kubebwa mgongoni. Hana hata kamba ya kukupimia, ana maneno ya mama yako tu, "amefika hapa, mabega yake hivi." Anakata kitambaa, anashona, na gauni linakukaa kama umezaliwa nalo. Ulipokwenda kisimani niliyageuza ndani nje. Nilitafuta mshono uliopinda, hata mmoja tu. Nikalivuta moja begani, kwa tamaa kwamba litaachia. Halikuachia. Jana hiyo mchana sikula, nikasingizia tumbo.

Kwenda lazima uende, hilo tusilirudie. Umekua, bibi yako hayupo, na mwanamwali hawekwi ndani na baba. Yapo maneno ya kungwi ambayo mimi hata kuyasikia nyuma ya ukuta ni aibu. Hayo atakusimamia mama yako. Ndiyo maana nilimwambia Bakari "haya, mchukue." Ni kwa hilo tu, na huko ukisikia sababu nyingine, huyo anayeisema ni mwongo.

Lakini kabla sijakujibu swali lako inakupasa ujue ilikuwaje mpaka mama yako akawa na mume mwingine. Watu wa Mtanda wote wanajua, na kila mmoja anaisimulia vibaya kuliko mwenzake. Mimi nitaisimulia vizuri, maana mimi ndiye mwenye upumbavu wenyewe.

Wewe umekulia katikati ya mayungiyungi ukadhani kila nyumba ina maua yanayolala chumbani na watu. Hakuna. Lindi nzima ni sisi tu, na aliyeanza ni mimi. Nilikuwa kijana, nimetoka shule ya serikali kabla hatujamalizana. Kusoma najua, kuandika kama unavyoona, kujumlisha naweza, kugawanya kulinishinda, na mama yako atakwambia kunanishinda mpaka leo. Nikapata kazi ya uboi kwa Mdachi mmoja, bwana wa forodha. Mkewe alikuwa na vitunguu alivyovileta kutoka kwao ndani ya sanduku la mchanga mkavu. Nilidhani mboga. Kumbe vilipandwa kwenye vyungu ndani ya nyumba, karibu na dirisha lakini pasipofikwa na jua la mchana, na kazi yangu ikawa kuyafuta majani kwa kitambaa kibichi kama mtu anayemnawisha mtoto uso.

Siku ua la kwanza lilipofunguka, jeupe, refu, mdomo kama wa tarumbeta ya askari, nyumba ilinukia mpaka uani. Nikajiambia, kwa nini Mdachi alale na harufu hii, na mimi nilale na harufu ya papa mkavu?

Vikaja vita vya Maji Maji. Moshi ukawa unaonekana upande wa bara, watu wa Nyangamara wakawa wanaingia mjini bila kitu, na wake wa Wadachi wakapakiwa melini. Yule bibi akaniachia maua yake. Alinielekeza kwa vidole, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai. Nikayabeba nyumbani. Bibi yako alinipokea mlangoni.

"Watu wanakimbia na watoto, wewe unakimbia na vitunguu?"

"Si vitunguu, mama. Ni maua."

"Yanaliwa?"

Alipotaka kutia kimoja mchuzini nilimwambia vina sumu ya Kizungu. Mpaka leo sijui kama ni kweli. Nikatoboa kitako cha mtungi wake mpya ili maji yapite, nikalala barazani siku hiyo. Na kwa kiburi changu cha kujua kila kitu nikachota mchanga wa pwani, mweupe, msafi, hatua chache tu kutoka kwetu. Chumvi ikavichoma viwili vikafa. Mama yako ndiye aliyesema, "Hivi vinataka udongo wa mtoni, Salumu, uliooza majani." Akaenda mwenyewe, akarudi na kapu kichwani, na wewe mgongoni. Walioambiwa kwamba udongo ule niliuvumbua mimi, waliambiwa na mimi.

Majirani walituchoka. Bi Rukia alikuwa akipita dirishani anapiga kelele, "Mwanaidi, Salumu kaoa ua! Una mke mwenza!" Na mama yako anamjibu kutoka ndani, "Mke mwenza huyu hali wali, dada. Namkubali."

Ndivyo alivyokuwa.

Sasa Fundi Seif. Alihamia Lindi mwaka uleule, maana kwao Kivinje watu walikuwa wakinyongwa, na kila mwenye miguu alihama. Yeye na mama yako walikulia mtaa mmoja. Akaweka cherehani barazani kwa jirani, mkabala na dirisha letu. Umbo lake sitalisema, utaliona. Nitasema tabia yake: hasemi. Mimi husema tangu alfajiri mpaka isha, na mama yako alinicheka mara moja moja, akipenda. Yeye alisema neno moja kwa siku, na neno hilo mama yako alilicheka lote. Asubuhi wakisalimiana, "Hujambo, dada?" "Sijambo, kaka." Basi. Katika hiyo "basi" mimi nilisoma juzuu nzima.

Nikawa nalinda dirisha. Nikahamisha vyungu ili majani yazibe mtu asione ndani, na maua yakakosa mwanga, yakarefuka shingo kama kuku wa kuchungulia. Mama yako akavirudisha mahali pake bila kusema kitu. Nikavihamisha tena. Akavirudisha. Tulikaa hivyo mwezi wa mfungo wote, tunagombana kwa vyungu.

Asubuhi ya Idi nikaamka nikakuta maua yamefunguka, yote pamoja. Unajua ule unga ulio ndani, rangi ya bizari, unaotikisika kwenye vijiti? Yule bibi wa Kidachi alikuwa akiuondoa mapema, maana ukigusa nguo nguo hiyo imekwisha, na ua ukiliondolea unga linakaa siku nyingi zaidi. Mtu mwenye akili angeuondoa kwanza kisha avae. Mimi nilikuwa nimeshavaa kanzu mpya. Nikauondoa kwa vidole, haraka haraka, takbiri zinasikika msikitini, nikapangusa mikono, nikaenda kusali.

Baada ya sala watu wakapeana mikono na kukumbatiana. Nikamkumbatia Seif kuliko watu wote. Kifua kwa kifua, nikampiga na bega mpaka kofia ikamcheza. Nilitaka msikiti mzima uone kwamba Salumu hana neno na mtu.

Alasiri nikitoka kutembelea watu nikapita pale barazani. Seif amekaa, na begani, kwenye kanzu nyeupe, ana alama ya rangi ya bizari.

Zuhura, katika Lindi nzima ua lenye unga ule lilikuwa mahali pamoja tu, ubavuni pa kitanda changu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu kwa kila mtu, na siku ile majisifu yangu yakanisimamia ushahidi. Niliingia ndani nikamkuta mama yako ana sinia la visheti. Wewe ulikuwa mlangoni, mashavu yamejaa.

"Nani aliingia humu?" nikauliza.

"Watoto wa Idi. Wamekula wamekwenda."

"Mtu mzima."

"Mimi," akasema, "kama bado unanihesabu."

"Seif ana unga wa ua begani."

Akaniangalia uso, kisha akaniangalia chini kidogo ya uso. Akaweka sinia. "Salumu, hebu wewe mwenyewe..."

Sikumwacha amalize. Nikamwacha yeye. Nilitamka talaka moja, kwa sauti ya kusikika barazani, siku ya Idi. Hakulia. Alikufuta mdomo, akajitanda kanga yake, akaenda kwa shangazi yake, kule Mingoyo. Wewe ulibaki kwa bibi yako, maana njia zilikuwa za vita na mtoto mdogo hapitishwi njia hizo.

Siku kadhaa baadaye bibi yako alikuwa akifua uani. Akaniita. Ameikunjua kanzu yangu ya Idi mbele yake, na kifuani mpaka begani ina unga uleule, na mwingi kuliko wa Seif.

"Mwanangu," akasema, "na wewe umefumaniwa na nani?"

Nikakumbuka kukumbatiana. Nikajua kwamba niliupeleka mwenyewe, kwa bega langu mwenyewe, na kwamba mama yako aliuona siku ileile kifuani kwangu na alikuwa akinionyesha.

Watu wanakwambia kosa langu ni siku ya Idi. Wanakosea. Siku ya Idi nilikuwa mwehu, na mwehu husamehewa. Kosa langu ni zilizofuata. Talaka ilikuwa moja na eda ilikuwa bado mbichi. Sikutakiwa mahari wala kadhi, neno "nimekurejea" tu, na Mingoyo si mbali. Lakini ningeanzaje? Ningesema niliona kanzu yangu? Bi Rukia angelifanya wimbo. Nikajiambia nitangoja Mwanaidi alete mtu kwanza, ili mimi niwe msamehevu. Nilipenda sana kuwa msamehevu.

Mara moja nilikwenda. Nilivaa vizuri, nikajipaka mafuta, nikafika mpaka nyuma ya ua wa shangazi yake. Nikasikia wanawake wanatwanga, na katikati yao mama yako anacheka. Nikasimama. Nikajiambia, anacheka, kwa hiyo ana raha, na kama ana raha, basi kuna mtu. Nikageuza nikarudi Lindi, na njiani nikajiona nina akili nyingi.

Shangazi yake alikuja kunieleza, eda imeshakwisha na mama yako ameshachukuliwa na Bakari kwenda Kivinje. Nikamdodosa, kumbe siku ile ya kutwanga walikuwa wanacheka kwa sababu mama yako alikuwa akiwaigia namna ninavyotembea. Unavyojua, hivi, kifua mbele, kama askari asiye na bunduki. Mwanamke haigi mwendo wa mtu aliyemsahau. Nilikuwa nyuma ya ua tu, mwanangu, ningekohoa tu.

Mwaka wa pili Seif akarudi kwao akamposa. Mshenga wake, bila kutumwa, nilikuwa mimi.

Kila alipokuja kukuona baada ya mfungo, mama yako alinisalimia vizuri, na mimi nilimwonyesha maua nikampigia domo la namna yalivyoongezeka. Hakuna siku niliyomwambia habari ya kile nilichokiona uani. Nadhani anajua. Kama hajui, barua hii msomee. Wewe unasoma bila kukwama, na hilo nalo ninakuonea wivu, basi tuendelee.

Sina mafunzo marefu ya kukutolea humo. Kuona wivu sitakukataza, maana umezaliwa na mimi, nitakuwa nakukataza kuwa na pua. Ila ukikosa, nenda ukiwa bado una haya usoni. Haya ikikukaukia huwa kiburi, na kiburi hakijui njia ya Mingoyo.

Sasa la leo asubuhi. Uliponiomba kitunguu kimoja cha kwenda nacho, nilikichagua mimi. Ukakibinya kwa kidole gumba.

"Baba, hiki kimeoza upande."

"Nilikuwa nakupima," nikasema.

Ukatia mkono kwenye sanduku la mchanga ukatoa kikubwa kuliko vyote, kile ninachokitunza mimi kwa ajili ya msimu, ukakifunga kwenye kitambaa. Hukusema neno. Kwa kunyamaza huko wewe ni wa mama yako mtupu. Mimi kichwani nilishamwona Seif amekaa ndani kwake, jioni, cherehani imefunikwa, anavuta ile harufu kwa pua yake ndefu na kusema lile neno lake moja, na nyinyi wawili mnacheka. Nilitaka kitunguu kiozee huko. Hakitaoza, ulichagua vizuri. Kwa sasa kimelala, ukitie mahali pakavu na usikifukue kila siku kukiangalia. Haya, nimekupa maagizo ya maua baada ya kuahidi sitakupa. Mnisamehe, wewe na kitunguu.

Mchana wa leo wakati wa kula nilimuuliza Bakari, kama mtu asiyejali, nikichambua samaki: "Huyo shemeji yako anataka Zuhura amwiteje?"

Bakari akalamba kidole. "Nilimuuliza. Kasema, 'Aniite apendavyo. Baba anaye.'"

"Kasema hivyo tu?"

"Kwani wewe humjui? Hiyo kwake ni hotuba."

Nikaacha samaki. Laiti angedai! Angesema "aniite baba, mimi ndiye nitakayemlisha," ningekuwa na la kujibu, ningekuwa na la kukataza, ningekuandikia hapa jina la kumwita ambalo angelijutia mpaka kaburini. Hakudai. Mtu huyu hata wema anaukata ukakukaa mwilini bila kukupima.

Basi jibu lako ni hili. Mwite baba. Si baba mdogo, si baba Seif, si baba kwa sauti ya puani kama unavyofanya ukinikasirikia. Mwite baba, kwa sauti ya kawaida, akikuletea maji na akikukemea. Wewe unakwenda kukaa chini ya paa lake, na mtoto asiye na jina la kumwita mwenye nyumba huzunguka pembeni mwa kuta kama mgeni, akingoja kuitwa yeye. Sitaki mtoto wangu azunguke pembeni mwa kuta za mtu. Nimeliandika neno hilo na mkono haukuanguka, kwa hiyo na wewe ulimi hautaanguka.

Lakini kuna siku utajikwaa kidole kwenye kizingiti, na hapo hakuna achaguaye jina, hutoka lenyewe. Nimekaa hapa tangu adhuhuri nikiwaza litakalokutoka, langu au lake, na nikaumia kweli. Halafu nikakumbuka kwamba watu wote wakijikwaa, hata askari wa boma, hata yule Mdachi wangu niliyemsikia kwa masikio yangu alipoangukiwa na sanduku mguuni, humwita mama. Basi mimi na fundi tumekosa sote wawili, sawasawa, na hilo limeniburudisha.

Nakusikia unakuja, unaagana na Bi Rukia njiani na unalia. Namaliza.

Ni mimi baba yako, wa kwanza,
Salumu